Dirisha Lisilo na Njia ya Kutokea

Kishale kilifika ukingoni mwa kisanduku, kikagoma. Nilikisukuma tena kwa kipanya, kushoto, kulia, kwa hila, kwa nguvu. Kila mara kiligota palepale. Vidole viwili tu kutoka hapo, nyuma ya utando wa kijivu, niliiona barua yangu ya pingamizi ikiwa imekamilika, na chini yake kitufe chekundu kilichoandikwa NAPINGA. Pembeni mwa skrini saa ilionyesha saa sita kasoro dakika nane.

"Wifi!" niliita. "Nifungulie basi. Nimeshajaribu vyote."

Hakuna aliyeitika.

Niseme kwanza dirisha lile lilikuwa la nini, maana wapo watakaodhani nilijifungia kwa ujinga wangu. Nililitengeneza mwenyewe. Ofisi yetu ni ndogo, watu tisa na birika moja la chai, na kazi yetu ni kutunga programu za hospitali. Muuguzi anapoingiza dozi ya dawa, na dozi hiyo ikawa imezidi kwa umri au uzito wa mgonjwa, dirisha hutokea katikati ya skrini na kuteka kila kitu. Kipanya hakitoki nje ya mipaka yake. Kibodi, hata uipige ngumi, haiandiki pengine popote ila humo. Muuguzi hana budi asome onyo, kisha aandike dozi upya kwa mkono wake, tarakimu baada ya tarakimu, ndipo aachiwe. Watu wamezoea kubofya "sawa" bila kusoma, kama wanaofukuza nzi. Dirisha langu halikuwa na "sawa". Kwa ajili yake niliitwa king'ang'anizi, nami jina hilo sikulikataa.

Lakini niliacha njia moja ya kutokea. Ukibana vitufe viwili vya pembeni kwa sekunde tatu, dirisha hulegea na kukuacha uende. Niliiweka kwa sababu wodi nzima ina kompyuta moja. Matroni wa hospitali, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alinisimulia habari za mgonjwa wa kitanda cha kumi na moja aliyebanwa na pumzi wakati muuguzi akiwa ndani ya onyo la mgonjwa mwingine. Muuguzi akatoka kwa njia ile, akafungua faili, akaona ni dawa gani haipatani naye, mtu akapona. "Mwanangu, mlango huo usiniondolee," Matroni aliniambia akinishika mkono. Nikamwahidi, na mkono wangu ukiwa mkononi mwake.

Sasa uongozi wa hospitali ulikuja na hesabu zao. Njia ile ilikuwa imetumika mara mia moja na kumi kwa mwezi, na dharura za kweli hazikufika kumi. Wauguzi wanaruka onyo, walisema, iondoeni. Mkurugenzi wetu ni mtu asiyeweza kumwambia mteja hapana hata akiombwa shati alilolivaa. Jumatatu aliandika pendekezo la kuiondoa, akalibandika kwenye ukurasa wetu wa mabadiliko.

Ukurasa huo una sheria moja. Pendekezo likikaa mpaka saa sita mchana wa Ijumaa bila mtu kubonyeza NAPINGA, limepita. Kimya ni kukubali. Maneno ya mdomo hayahesabiwi, kwa kuwa tulishagombana vya kutosha juu ya nani alisema nini na nani alimsikia. Unabonyeza kwa jina lako, kwenye kompyuta yako, basi. Pingamizi moja tu linatosha kusimamisha jambo na kuitisha kikao, na Matroni angeitwa kikaoni aseme kwa kinywa chake. Hilo tu ndilo nililolitaka. Sikutaka kushinda, ingawa kushinda sikukatai.

Na kwa nini nilingoja mpaka dakika za mwisho? Hapo ndipo anapoingia wifi.

Wifi ni dada wa mume wangu, mdogo wake wa kumfuata. Mimi ndiye niliyempeleka ofisini miaka tisa iliyopita, nikamfundisha kazi, nikamtetea alipokosea, nikamkaripia alipokosea tena. Tulikuja pamoja, tukaondoka pamoja. Ananizidi subira, namzidi maneno. Wenzetu walisema kwa utani kwamba mimi hutengeneza makelele na yeye hutengeneza programu, nami nilicheka kwa sababu nilijua ni uongo.

Dirisha la kuteka halijaribiwi na mtu mmoja. Ukikosea hata nukta, linakufungia humo na kompyuta nzima inageuka gogo. Kwa hiyo mmoja huingia, na mwenzake hukaa upande wa pili wa ubao unaokigawa chumba, kwenye kompyuta ya pili, tayari kulizima kutoka nje. Huyo tunamwita mshika mlango. Si kazi ngumu. Inataka tu mtu asiyeondoka. Kwa miaka tisa mshika mlango wangu alikuwa wifi, nami wake, na chumba kile cha majaribio, kilichokuwa zamani stoo ya karatasi, tulikijua kuliko majiko yetu.

Ijumaa hiyo barua yangu ilikuwa tayari saa tano kamili. Kidole kilikuwa kinashuka kwenye kitufe wifi alipotokeza kichwa mlangoni.

"Usiipeleke bado, wifi."

"Kwa nini nisiipeleke? Imeiva."

"Imeiva, lakini haina namba. Uongozi wa hospitali umekuja na namba, wewe unaenda na maneno matupu?" Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. "Beba kompyuta yako twende chumba cha majaribio. Ingia kwenye toleo lao lile lisilo na mlango. Uone mtu anakwama dakika ngapi, uandike humohumo chini ya barua, halafu ubonyeze. Uwakate kauli."

Loo! Nilifurahi mpaka nikampiga begani. Nilijiambia, huyu ndiye wifi, huyu ndiye mtu wa kuzikana naye. Nilibeba kompyuta mwenyewe, kizee kile kizito, nikaichomeka ukutani. Wifi akaenda upande wa pili wa ubao. Nilifungua toleo lile la majaribio, ambalo bado halikuwa na orodha ya dozi na hivyo hata dozi sahihi halikuipokea, dirisha likatokea, na kila nilichokuwa nacho kikabaki nyuma yake.

Nusu saa ya kwanza tulifanya kazi kama siku zote. Mimi nilitaja hila, nikaijaribu, nikashindwa, yeye aliandika. "Bado, wifi, jaribu nyingine," alikuwa akisema. Kisha, "Subiri kidogo, naitwa." Nikasubiri. Nilikuwa na maneno ya kusema Jumatatu kikaoni, nikawa nayapanga kichwani, nayaona mazuri.

Ilipobaki dakika nane nilianza kuita. Ilipobaki saba nilinyanyuka, nikazunguka ubao. Kiti chake kilikuwa kitupu. Kompyuta ya pili ilikuwa imefungwa, inadai nywila, na nywila ni yake.

Nilisimama nikiitazama. Mtu anayekwenda chooni hafungi kompyuta ya mshika mlango. Anayeitwa na bosi hafungi. Kwa miaka tisa hatujawahi kuifunga hata siku moja, maana ndiyo njia pekee ya kumtoa mwenzako. Nilijua palepale, ila nilijifanya sijui, nikatoka nikikimbia huku nikiita jina lake la utotoni kwenye korido mchana kweupe. Mhasibu alitoa kichwa akauliza kuna moto? Nikamwambia afadhali ungekuwa moto.

Nikarudi, nikang'oa waya wa umeme ukutani. Nilijua kizee kile huchukua muda gani kuamka, lakini ningefanya nini tena? Nilikichomeka tena, nikasimama juu yake nikikisihi kwa maneno ambayo mama yangu hakunifundisha. Kiliwaka kwa taratibu zake, kikajikagua viungo, kikaniuliza jina, kikaniuliza nywila, nikakosea nywila kwa pupa. Ukurasa ulipofunguka ilikuwa saa sita na dakika tatu. Kitufe chekundu hakikuwapo. Mahali pake paliandikwa: Limepita. Hakuna aliyepinga.

Wifi aliingia akiwa na vikombe viwili vya chai.

"Pole, wifi. Nilikuwa kwa Mkurugenzi, maneno yakawa marefu."

"Ulifunga kompyuta."

Akaviweka vikombe mezani, polepole, kimoja baada ya kingine. "Mkono ulikwenda tu."

"Mkono ulikwenda? Mkono wako una akili zake? Miaka tisa haukwenda, leo ndipo umekwenda?"

"Wifi, mimi nili—"

"Nyamaza! Usiniletee 'mimi nili'. Umenichezea shere. Umenipamba kwa maneno ya namba, namba, ukaniingiza humu kwa miguu yangu mwenyewe, nikabeba na kompyuta juu! Wewe! Angekuwa mhasibu ningesema hewala, mhasibu hanipendi. Lakini wewe?"

Alisimama tu, mikono imeshuka. Hakukana. Ningemshukuru kama angekana. Nilimwambia atoke, akatoka, na chai yake akaiacha.

Mkurugenzi alinisikiliza huku akipanga kalamu zake. "Ukurasa unasemaje?" aliuliza.

"Ukurasa unasema hakuna aliyepinga. Mimi nasema nilifungiwa."

"Ulifungiwa na nani?"

Hapo nikakwama. Kumtaja wifi yangu mbele ya yule mtu, aandikiwe barua, afukuzwe, mume wangu aniulize nimemfanya nini dada yake? "Na dirisha," nikasema.

"Basi dirisha ni lako," alijibu, wala hakuwa akitania. "Jumatatu asubuhi linawekwa wodini."

Nilitembea mpaka nyumbani. Nilitaka kuwahi mahali ambapo mtu angenisikiliza na kukasirika pamoja nami. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, hurudi mapema siku za Ijumaa, na nilimkuta jikoni akimenya viazi kwenye beseni. Aliinua uso akaniona.

"Pole," alisema. "Usimkasirikie sana."

Nilikuwa bado sijavua viatu.

"Nimkasirikie nani?"

Kisu kilisimama katikati ya kiazi.

"Mimi sijafungua mdomo," nikamwambia. "Nimeingia sasa hivi, mkoba uko begani. Nimkasirikie nani, mwalimu?"

Alikiweka kiazi chini. "Alinieleza jana."

"Jana! Jana alikuwa hapa. Jana tumekula meza moja, watatu sisi, akaniomba chumvi nikampa. Mlikuwa mmeshapanga?"

"Sikupanga chochote. Alinieleza tu kwamba hataacha hiyo barua yako ipite. Nilitaka kukuambia alipoondoka. Ulianza kunisomea barua. Ukanisomea mara mbili. Ulipomaliza ulikuwa umeshajijibu maswali yote, ukaenda kuoga."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Sikusema hivyo."

"Sababu yake ni nini? Ameahidiwa cheo?"

"Cheo!" Alicheka kidogo, bila furaha. "Sababu si yangu kuisema. Ni ya mwanawe. Kamuulize."

Mimi si mtu wa kulia. Siku ile nililia, nimekaa juu ya kigoda cha jikoni na viatu miguuni, na mume wangu hakuthubutu kunigusa. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, nami siku zote niliona ni methali ya watu wenye wasiwasi. Kumbe mimi nilikuwa nimevaa nguo mbili. Ingekuwa ni wifi peke yake, ningekuja nyumbani. Sasa nyumbani ndiko nilikokuwa, na sikuwa na pa kwenda.

Nilipowasha simu nilikuta ujumbe wa Matroni. Alikuwa amesikia tetesi za mlango wake. Haamini. Atanipigia kesho saa nne asubuhi nimweleze ukweli.

Jumamosi saa tatu na nusu nilikuwa kwa wifi. Aliyenifungulia ni binti yake wa miaka mitano, tunayemwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Aliniangukia magotini na habari za jino lililotikisika, na paka wa jirani, na shairi alilokatazwa kulisoma kwa sauti. Kila nilipomjibu aligeuza kichwa akaniletea sikio la kulia. La kushoto lilikufa mwaka uliopita, baada ya siku sita wodini. Ni homa kali iliyoliua, daktari alisema. Tulishukuru kwamba tumebakiwa na moja na mtoto mwenyewe.

Wifi alikuwa chumbani ameketi kitandani, rundo la nguo zilizokauka mbele yake. Hakusimama. Alimwambia mtoto aende akamwonyeshe paka jino lake, mtoto akaenda, nami nikafunga mlango nikaegemea.

"Haya," nikasema. "Sema. Nimekuja kusikia, na nikikukatiza nipige."

Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mwezi wa pili nilipewa kazi ya kusoma kumbukumbu za dirisha," alianza. "Ile hesabu ya mara mia moja na kumi, mimi ndiye niliyeihesabu. Kila dirisha linapotokea, mfumo unaandika. Siku, wodi, kitanda, dozi. Na kama mtu ametoka kwa ile njia, unaandika pia. Nikafika wodi ya watoto. Nikafika siku zetu. Kitanda cha sita."

Nilijua kitanda cha sita ni cha nani. Nilikaa usiku kucha kando yake zamu mbili.

"Dozi ilikuwa maradufu," alisema. "Dirisha likatokea. Sekunde tatu, limeachiwa. Siku ya pili, dozi ileile, dirisha likatokea, sekunde tatu. Siku ya tatu. Siku ya nne. Mara nne dirisha lako lilisema, wifi. Lilifanya kazi yake vizuri kabisa. Na mara nne yule mtu akapita kwa mlango wako. Nikamuuliza daktari mwingine, nje, bila kutaja jina. Akasema dawa ile ikizidi hula masikio."

"Kwa nini hukuniambia?" niliuliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo, sikuijua.

"Nilikuambia. Mara tatu. Mara ya kwanza kwenye ngazi za ofisi, nikasema, 'Wifi, ile njia nadhani ina madhara.' Ukanieleza kitanda cha kumi na moja. Mara ya pili nikasema nimekuta kitu kwenye kumbukumbu, ukasema kumbukumbu huzisomi mpaka Mkurugenzi akuombe radhi kwa lile neno baya alilokuambia. Mara ya tatu nilikuja kwenu nikiwa nimejiandaa, nimeandika na kwenye karatasi. Ulikuwa na mpango wa pazia jipya. Nikasaidia kupima pazia, nikarudi kwangu."

"Ungenishika ukanitikisa!"

"Nani amewahi kukushika?" alisema, na kwa mara ya kwanza aliniangalia usoni. "Tangu uolewe kwetu, wifi, hakuna aliyemaliza sentensi mbele yako. Tunakupenda. Lakini ukisema, mimi hugeuka. Kila mara. Ningeandika kwamba naunga mkono mlango uondolewe, ungekuja na yule mgonjwa wako na Matroni wako, ungesema kwa saa nzima, na mimi ningeishia kutia sahihi pamoja nawe. Ningetia sahihi juu ya sikio la mwanangu. Niliogopa hilo kuliko nilivyokuogopa wewe."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga kofi. Yote mawili yalikuwa ya kweli, na hakuna lililomshinda mwenzake.

"Sikiliza," nikamwambia. "Mtoto yule ni wangu pia. Sitalala kwa hayo uliyoniambia. Lakini bado ulinifungia. Ungekuja mbele yangu ukashindwa, ungeshindwa kama watu wanavyoshindwa, kesho ungejaribu tena. Wewe ulichukua kile kiti. Kiti kile ndicho kitu pekee ambacho sikuwahi kukigeukia kuangalia kama mtu yupo. Hata mume wangu namwangalia mara moja moja. Wewe sikuwahi."

"Najua."

"Na kitanda cha kumi na moja je? Jumatatu akikwama mwingine kama yule?"

"Huyo si mwanangu," alisema wifi.

Alisema bila ukali. Nadhani alikuwa amejiambia maneno hayo mara nyingi peke yake, mpaka yakaacha kumtisha. Mimi yalinitisha. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, mbali naye kidogo, rundo la nguo katikati yetu.

"Nani alikuwa anabonyeza?" niliuliza. "Mfumo huandika jina. Mimi ndiye niliyeuambia uandike."

Akaendelea kukunja.

"Wifi, nani?"

Simu yangu ililia mfukoni. Ilikuwa saa nne kamili. Yule mama hachelewi. Niliitoa, na jina likaonekana wazi juu ya kioo: Matroni. Wifi alilisoma kutoka pale alipokaa. Nguo ikamponyoka mikononi, naye akageuza uso ukutani haraka, kama mtu aliyepigwa.

Nikakumbuka. Wiki ile wauguzi walikuwa pungufu. Matroni mwenyewe aliingia zamu ya wodi ya watoto, siku nne mfululizo, na sote tulimwombea dua kwa moyo wake ule. Ndiye aliyembeba Chiriku mpaka kwenye gari siku ya kuruhusiwa. Ndiye aliyenishika mkono akaniomba nisimwondolee mlango wake.

Simu iliendelea kulia. Niliipokea, nikaiweka sauti ya wazi kwa sababu sikuamini masikio yangu peke yangu.

"Mwanangu," ilisema ile sauti ya kukwaruza, "nimeambiwa Jumatatu mnaniletea dirisha lisilo na njia. Nikasema huo ni uzushi, yule binti aliniahidi. Au siyo?"

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Au siyo, mwanangu?"

Wifi alikuwa akitikisa kichwa. Hakutoa sauti, lakini midomo yake niliisoma vizuri: usimwambie. Nilielewa alichokuwa akikiomba. Nimdanganye yule mama kwa ustadi wangu, niseme ni Mkurugenzi, ni uongozi, ni sheria mpya, na jambo lizikwe hapo. Ningeweza. Maneno yalikuwa yameshajipanga mdomoni, mengine ni mazuri sana.

"Imeondolewa, Matroni," nikasema. "Mwenye maelezo ninaye hapa."

Nikamwekea wifi simu kiganjani, nikavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

Aliishika kama kitu cha moto. Nilidhani angeikata. Hakuikata.

"Shikamoo," alisema, kwa sauti niliyoisikia kwa shida.

"Marahaba! Kumbe ni mama Chiriku! Hajambo mjukuu wangu? Mwambie bado namdai busu. Na lile sikio, limeonyesha nafuu yoyote?"

"Matroni, lile sikio—" wifi alianza, na sauti ikamkatikia hapo.

Aliniangalia. Kwa miaka tisa, kila alipokwama mbele ya mteja, mbele ya Mkurugenzi, mbele ya kaka yake, aliniangalia hivyo, nami nikaingia na maneno yangu nikamalizia. Alininyooshea simu. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

Sikuipokea. Nilivuta nguo iliyofuata kwenye rundo, gauni la mtoto lenye kifungo kimoja kilichopotea, nikalitandaza magotini nikaanza kulikunja, na kwenye simu Matroni akawa anauliza, "Haloo? Mwanangu, bado upo?"